Nani Aliandika Majina Kumi na Moja?

SEHEMU YA TISA

"Shan Dashi!"

Jina hilo ndilo lililotukata pumzi Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, na wiki nzima mmenisimamisha njiani mkitaka kujua yaliyofuata. Basi shikeni.

Mkalimani Bao alikuwa amepanda juu ya jiwe la kusagia, katikati ya uwanja wa kupuria ngano, kofia ya kizungu juu ya msuko wake wa nywele, karatasi mkononi. Nyuma yake walijipanga askari ishirini wa Kijerumani. Kijiji kizima cha Nanwa kilikuwa kimekusanywa pale juani saa sita mchana, wazee kwa watoto. Na jina la kwanza alilolisoma lilikuwa la kaka wa mwanamke wetu Suyun, kaka wa tumbo moja.

Hakuishia hapo. Alisoma majina kumi na moja.

Kila jina lilipotajwa, askari wawili waliingia katikati ya watu na kutoka na mtu. Hakuna aliyekimbia. Angekimbilia wapi, na mizinga miwili ilikuwa juu ya kilima imezikodolea paa za nyumba zao?

Jina la mwisho lilipotajwa, Suyun alihesabu tena kwa vidole. Wanaume waliong'oa vigingi vya reli ya Mjerumani walikuwa kumi na mmoja. Si kumi, si kumi na wawili. Walikuwa wameapa siri hiyo haitatoka Nanwa. Mjerumani hakubahatisha hata kichwa kimoja! Basi aliyewataja hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa hapahapa, anayekula nao, na pengine sasa hivi amesimama nao bega kwa bega akijifanya kushangaa.

Kapteni wa askari hao akasema maneno machache. Bao akayatafsiri kwa lafudhi yake ya mjini Tianjin.

"Kesho hawa wanapelekwa kwenye bandari ya Qingdao kwa hakimu wa Kijerumani. Kigingi kimoja tu kikiguswa tena, kijiji hiki mtakitafuta kwenye majivu."

"Hakimu wa Kijerumani?" mzee mmoja alifoka. "Tumekosea kwetu, kwenye makaburi ya babu zetu, halafu tukahukumiwe na mtu wa kwao?"

"Mkataba umetiwa sahihi Beijing, mzee. Kamuulizeni mfalme wenu."

"Wetu? Na wewe wako ni nani?"

Bao alikunja karatasi yake, akashuka.

Hapo ndipo macho ya watu yalipohama. Yalimwacha Bao, yakamwacha kapteni, yakaenda kutua kwa mtu mmoja aliyekuwa amesimama upande wa askari, mnyororo wa kupimia ardhi begani. Guan Detai. Mume wa Suyun.

Mwezi wa tatu sasa Detai alikuwa akimshikia mhandisi wa Kijerumani mnyororo ule, toka kigingi hadi kigingi, katikati ya mashamba ya jirani zake.

"Nywele umesuka kama sisi," alisema Bi Fan, muuza mikate ya mvuke, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "lakini tumbo limeshakuwa la Kijerumani!"

"Ameshika mnyororo wao mpaka umemfunga!"

"Kumuuza shemeji yako, Detai! Aliyekupa dada yake ukaoa!"

Bonge la udongo likampiga kifuani. Hakujifuta.

"Mimi sijui kuandika," alisema. "Hilo mnalijua wote."

"Mdomo si unao? Wewe umetaja, mkalimani ameandika!"

Mundu mmoja uliinuliwa. Wa pili. Suyun alijipenyeza mbele, akasimama kati ya mumewe na watu. Ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa na la kumuuliza.

"Teremsheni mikono!"

Alikuwa Mzee Qi, mkuu wa kijiji, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Watu walimpisha.

"Askari bado wako hapo, nanyi mnataka kumwaga damu ya mwenzenu mbele yao? Wacheke? Jioni, jua likifika juu ya mnara wa hekalu, nitapiga upatu wa mkutano. Tutakutana hapahapa uwanjani, Detai atajieleza, nasi tutaamua." Akamgeukia Suyun, sauti ikawa laini. "Mpeleke mumeo nyumbani, binti yangu. Mpe chai."

Mzee mwema, si ndiyo? Endelea kusoma.

*

Suyun alikomea mlango, akaegemea.

"Baba Hehua, niangalie."

Detai alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha udongo, akitazama sakafu.

"Asubuhi ulirudi ghafla, saa ambayo hujawahi kurudi," Suyun alisema. "Uliingiza kitu chini ya mkeka. Ulidhani niko kisimani."

"Mama Hehua, acha."

"Kaka yangu amefungwa kamba kama mbuzi, unaniambia niache?"

Alimsukuma kando, akafunua mkeka. Karatasi! Karatasi ngumu, nyeupe kama mchele, imejaa mistari ya wino na maandishi ya Kijerumani yaliyolala kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Kumbe kweli," alinong'ona. "Hii ndiyo zawadi yao? Wamekuandikia shamba? Kazi ya stesheni? Wamekupa nini, Detai?"

"Hawajanipa. Nimeiba."

"Umeiba!"

"Shusha sauti, mwanamke, utaniua!" Akaikunjua juu ya kitanda. "Mstari huu mwekundu ni tuta la reli. Refu kuliko ukuta wa mji, toka mashariki hadi magharibi. Hii ya buluu ni mito yetu. Unaona inapokutana na ule mwekundu? Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Ndiyo hivyo! Walimwahidi mkuu wa wilaya kwamba wataacha matundu ya kupitisha maji. Hakuna hata moja. Mvua za mwezi wa saba zikija, maji ya kusini yataenda wapi? Yatakuja kulala na sisi kitandani humu. Nanwa nzima, na vijiji vyote mpaka ng'ambo ya mto. Watu wanalia kwamba Mjerumani anapita juu ya makaburi. Hawajui kwamba anatuchimbia mapya."

Suyun aliufuata ule mstari mwekundu kwa kidole.

"Mwalimu Luan anaandika malalamiko kwa gavana wa jimbo letu," Detai aliendelea. "Barua tupu wataitupa. Lakini ramani yao wenyewe, kwa mkono wao wenyewe? Hapo watakanaje?"

"Nani anajua?"

"Mimi. Mwalimu. Na wewe sasa."

"Basi twende tukawaambie watu! Wataacha kukurushia udongo."

"Nikiwaambia, Bao atajua kabla sijafunga mdomo. Kuna mtu hapa kijijini anapeleka maneno, hujaona leo? Na Wajerumani wakijua ni mimi..."

Suyun alimwamini? Nusu. Mtu anayeweza kumwibia Mjerumani siri miezi mitatu huku akimchekea, anashindwa nini kumficha mkewe? Lakini alikunja ile karatasi mwenyewe, akaisukumia kifuani mwa mumewe.

"Mpelekee Mwalimu. Pita nyuma, kwenye mtama. Mimi nampelekea kaka yangu chakula."

*

Wale kumi na mmoja walikuwa wamefungiwa katika hekalu la mungu wa ardhi, mikono nyuma, wamekaa safu mbili ukutani. Suyun alifika na kikapu cha chapati za vitunguu majani. Askari alizitoboa zote kwa kisu, moja moja, kisha akampisha.

Dashi alikataa kula.

"Zimepikwa kwa unga wa mumeo?"

"Kwa unga wangu, kaka. Fungua mdomo."

"Nitafungua akija yeye. Mwambie aje aniangalie machoni."

"Si yeye."

"Una hakika, mdogo wangu?"

Suyun alimtilia kipande cha chapati mdomoni ili yeye asilazimike kujibu.

Mlangoni pa hekalu, Bao alikuwa akiita majina tena kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Aliinua karatasi usawa wa macho. Jua lilikuwa nyuma yake. Likapenya.

Suyun akaganda.

Hakujua kusoma, lakini nyuma ya yale maandishi aliona kitu kingine, kivuli cha mkaa, hafifu: shavu la mviringo, nyusi, ncha ya upanga. Mungu wa mlango, mlinzi wa kila nyumba. Na upanga ulikuwa mkono wa kushoto!

Katika wilaya yote, ni nani aliyemchora mungu wa mlango akishika upanga kwa kushoto? Yeye mwenyewe, Suyun! Kila majira ya baridi huchora picha za mwaka mpya kwa kijiti cha mkaa, huzikandamizia karatasi moja baada ya nyingine ili mkaa ujinakili, kisha huzitia rangi na kuziuza sokoni. Mwaka huu alikosea. Alikuwa na homa, akachora upanga upande usio wake. Picha kama hiyo nani atabandika mlangoni? Hakuuza hata moja. Zote, furushi zima, alimpa mtu mmoja.

Alimpa Mwalimu Luan, wanafunzi wake wafanyie mazoezi ya kuandika.

"Unatazama nini, mama?" Bao aliuliza. "Unajua kusoma?"

"Hata jina langu silijui."

"Basi usitazame." Lakini yeye mwenyewe aliigeuza karatasi, akaitazama nyuma, kisha akamtazama Suyun. Macho yake hayakuwa na haraka.

Kabla hajasema zaidi, kelele zilizuka upande wa mahema. Mhandisi alikuwa akipiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kapteni alitoka mbio, mkono kwenye bastola. Askari mmoja akaja kumnong'oneza Bao.

"Kuna kilichoibwa hemani," Bao alisema, kama anayezungumza na hewa. "Mwizi hatapelekwa Qingdao. Atapigwa risasi papa hapa."

Suyun aliweka kikapu chini. Mumewe wakati huo alikuwa amebeba kifo chake kifuani, anakipeleka moja kwa moja kwa mtu aliyeandika majina kumi na moja!

Alitoka kwa mwendo wa kawaida mpaka kona ya kwanza. Kisha akakimbia. Miguu yake iliyofungwa vitambaa tangu utotoni ibaki midogo haikuumbwa tena kwa mbio. Kila hatua ilikuwa kama kukanyaga misumari. Alikimbia hivyo hivyo, akishika kuta.

*

Mwalimu Luan alikuwa peke yake darasani. Alipomwona Suyun mlangoni, uso wake ulipauka.

"Yuko wapi?"

"Mama Hehua, kaa kwanza, unahema..."

"Umeandika majina yale kwa mkono wako! Kwenye karatasi zangu! Usinidanganye, Mwalimu, nimeuona upanga!"

Mwalimu akakaa chini, sakafuni, kama gunia lililokatwa kamba.

"Niliandika," alisema. "Mbingu zinijue, niliandika. Lakini si kwa ajili ya Wajerumani! Aliniomba Mzee Qi. Alisema ni majina ya kuombewa hekaluni, mababu wawalinde vijana wetu. Leo Bao alipoanza kusoma nilitambua mpangilio wangu. Wa kwanza Dashi, wa mwisho yule mtoto wa mhunzi. Ni ule ule."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kwamba Mzee Qi ametuuza? Nani angeniamini? Na mwandiko ni wangu!"

Suyun alimtazama. Je, huyu anasema kweli, au anamsukumia mzee wa watu mzigo wake? Mikono yake ilikuwa na wino mbichi. Machozi yake yalikuwa ya kweli, lakini hata mwoga hulia, hata msaliti.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Mume wangu yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi. Nimemaliza barua, lakini barua kwa gavana haipokelewi bila muhuri wa mkuu wa kijiji... Nilimkatalia, Mama Hehua. Nilimwambia tusubiri, tupitie kijiji kingine. Akaniuliza kwa nini. Sikuweza kumwambia. Nilikuwa na aibu. Akasema muda hautoshi, akaenda."

"Amekwenda kwa Mzee Qi? Na ramani?"

Jibu halikutoka kwa Mwalimu. Lilitoka uwanjani.

Upatu! Ngoo! Ngoo! Ngoo!

Jua lilikuwa bado halijafika juu ya mnara.

*

Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Detai alikuwa amepigishwa magoti, damu puani, vijana wawili wa nyumba ya Qi wamemkandamiza mabega. Juu ya jiwe la kusagia alisimama Mzee Qi, ramani ameikunjua mikono yote miwili juu ya kichwa chake ili kila mtu aione.

"Nilikuwa nataka kumtetea!" Mzee alilia, na ndevu zilitetemeka. "Mlinisikia mchana! Kumbe nimefuga nyoka! Tazameni kilichotolewa kifuani mwake. Kijerumani! Mihuri ya Kijerumani! Mnataka ushahidi gani tena?"

"Auawe!" Bi Fan alipiga kelele.

"Waambie!" Suyun alimwita mumewe. "Waambie ni nini!"

Detai aliinua kichwa, akatikisa. Hapana. Macho yake yalitazama nyuma ya Suyun, naye akageuka.

Kapteni alikuwa anakuja, bastola mkononi. Askari kumi. Mhandisi. Na Bao.

Sasa umeona mtego wenyewe, msomaji? Suyun akinyamaza, kijiji kitamkatakata mumewe kama msaliti. Akisema kwamba ramani imeibwa kwa ajili ya kijiji, kapteni atamaliza kazi kwa risasi moja. Na Mzee Qi alilijua hilo. Alikuwa akimtazama Suyun kwa huruma ya baba, na pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kitu kama tabasamu.

Mhandisi aliona ramani yake juu ya vichwa vya watu, akapiga ukelele. Kapteni akauliza swali fupi.

"Kapteni anauliza," Bao alisema kwa utulivu, "karatasi ile ameiba nani?"

Detai alivuta pumzi.

Suyun akamtangulia.

"Mimi!"

Watu waligeuka.

"Mimi nimeiba!" Alisogea mbele akichechemea, vitambaa vya miguu vimelowa damu. "Humpelekea mume wangu chakula kambini. Niliichukua mezani. Hao wazungu wanajenga tuta bila matundu ya maji, tutazama sote mwezi wa saba, imechorwa humo, kila mwenye macho aangalie! Yeye hana habari. Nimeiba mimi!"

Mnong'ono ulipita uwanjani kama upepo kwenye mtama. Bi Fan aliteremsha mkono.

Bao alimtazama Suyun. Kama alivyomtazama pale hekaluni. Kisha akamgeukia kapteni, akatafsiri. Ilikuwa sentensi moja tu. Fupi mno kwa maneno yote yale.

Kapteni aliinua bastola. Suyun alifumba macho.

Alisikia viatu vikija. Vikafika alipo. Vikampita.

Alipofumbua macho, Mzee Qi alikuwa ameshushwa kutoka kwenye jiwe kwa ukosi, kichwa chini, ndevu zake kwenye vumbi, askari wawili juu ya mgongo wake. Ramani ilikuwa bado ndani ya ngumi yake.

"Si mimi! Mwambie si mimi! Bao! Bao, wewe unanijua! Si nilikupa maj..."

Kitako cha bunduki kilimnyamazisha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nusu, na Nanwa nzima ililisikia. Bi Fan alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, kisha akaenda, akapiga magoti vumbini, akaanza kumfuta Detai damu kwa aproni yake ya unga.

Wale vijana wa nyumba ya Qi walikuwa wameshatoweka. Mzee alikokotwa kuelekea mahema.

Suyun hakuweza kusimama tena. Alikaa pale pale chini. Kivuli kikamwangukia. Alikuwa Bao, ameinama kana kwamba anaokota kitu.

"Umemwambia nini?" Suyun aliuliza.

"Kwamba mwanamke anasema mwizi ndiye huyo anayeishika."

"Kwa nini?"

Bao alijifuta vumbi magotini. Hakuonekana mwema, wala hakuonekana mbaya. Alionekana mtu mwenye shughuli.

"Mzee alikuwa ameanza kunichosha. Lakini hilo si lako. Lako ni hili, mama, na unijibu kabla jua halijazama, maana mhandisi atahesabu tena karatasi zake." Alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu sikioni mwake. "Hemani zilipotea ramani mbili. Hiyo ya reli nimeiona. Ile ya pili, inayoonyesha mahali Wajerumani watakapoteremsha bunduki zao, iko wapi?"

Suyun aligeuka kumtazama mumewe.

Detai alikuwa amewaona wakinong'onezana, na alijua kinachoulizwa. Na kwa mara ya pili siku hiyo, hakuweza kumtazama mkewe machoni.